Dawa za usafi za kutengeneza nyumbani: vipimo vya maji ya kisima, sakafu ya terazo na sufuria za alumini

mama_kigamboni

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba msaada kwa wanaoyajua haya mambo kwa undani.

Nyumbani kuna mtoto mwenye pumu na tumeshauriwa tupunguze jiki, dawa ya choo yenye asidi kali na vile vya kupuliza vyenye manukato. Nataka nitengeneze mwenyewe, ila naomba vipimo kamili, si "weka kidogo".

Mazingira ni haya. Maji ni ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu, na birika la umeme linajaa ukoko mweupe. Sebuleni sakafu ni ya terazo, jikoni na bafuni kuna vigae. Sufuria nyingi ni za alumini. Jiko ni la gesi, kuni mara moja moja.

Kwenye kundi la WhatsApp kuna fomula inazunguka: siki vikombe 2, bekingi soda nusu kikombe, sabuni ya maji, maji ya ndimu, na kifuniko kimoja cha jiki "kuongeza nguvu", vyote kwenye chupa moja ya lita na nusu. Inafaa? Na magadi ya sokoni, haya ya kuivishia maharage, yana msaada wowote kwenye usafi?

kemia_ya_jikoni

Dada, hiyo fomula iache kabisa, na uwaonye wenzako kwenye kundi leo hii. Jiki ikikutana na siki au ndimu inatoa gesi ya klorini. Bafuni, dirisha likiwa limefungwa, hata kiasi kidogo cha gesi hiyo kinaweza kumbana kifua mtu mwenye pumu. Ikitokea mtu kachanganya, atoke nje, milango na madirisha yaachwe wazi, wala asimwagie kitu kingine juu yake akidhani anaizima. Anayekohoa bila kukoma au kuhema kwa shida apelekwe hospitali. Jiki haipatani pia na spiriti wala na amonia, na mkojo uliolala chooni una amonia ndani yake. Jiki ni ya kutumiwa na maji peke yake.

Hata ukiitoa jiki, fomula yenyewe bado ni mbovu. Siki ni asidi, bekingi soda ni alkali, na zikikutana zinamalizana. Mililita 200 za siki ya asilimia 5 zinamalizwa na kijiko kimoja cha chakula cha bekingi soda, yaani gramu 14 hivi. Povu linalowavutia watu ni kaboni dayoksaidi inayotoka, basi. Kinachobaki ni maji yenye chumvi hafifu ambayo hayatoi mafuta wala ukoko. Ukiifunga chupa ndiyo balaa, maana mililita hizo 200 zinatoa karibu lita 4 za gesi, na chupa itapasuka. Siki ukiitia kwenye sabuni ya mche iliyoyeyushwa, asidi inairudisha sabuni kuwa mafuta: utaona mabonge meupe yanaelea, na sakafu itanata hata ukiisugua mara mbili.

Kabla hujashika chupa yoyote, uangalie uchafu wenyewe. Mafuta ya kupikia, masizi yenye mafuta na jasho la kola vinataka alkali. Ukoko wa chokaa, kutu na madoa ya njano chooni vinataka asidi. Vumbi na matope vinataka sabuni na mkono. Unatumia kimoja, unasuuza, ndipo unatumia kingine kama bado kuna haja.

Kwa mafuta kwenye jiko la gesi na vigae vya nyuma yake: bekingi soda vijiko 3, maji kijiko 1, upate uji mzito. Paka, acha nusu saa, na palipoganda kwa muda mrefu acha usiku kucha ukiwa umefunika kwa kitambaa kibichi. Uji ukikauka haufanyi kazi tena, unabaki vumbi jeupe la kukuchosha kusuuza, kwa hiyo siri ni kuuweka mbichi. Angalia umenunua bekingi soda na si bekingi poda. Poda ina asidi na wanga ndani yake, itakuachia gundi.

Ukitaka alkali yenye nguvu zaidi, igeuze bekingi soda iwe soda ya kufulia. Itandaze kwenye kikaango cha chuma au stili, unene wa sentimita 1, uiweke kwenye moto wa wastani ukikoroga kwa saa moja hivi. Mwanzoni unga utachemka kama uji mkavu kwa sababu mvuke na gesi vinatoka, kisha utatulia. Oveni ikiwepo, nyuzi 200 kwa saa moja. Gramu 100 zinabaki kama 63. Zikibaki 80, bado hazijageuka zote, rudisha motoni. Ukimaliza hifadhi kwenye kopo linalobana. Vaa glovu, na usikoroge mtoto akiwa karibu, maana vumbi lake linawasha koo. Kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 1 ya maji ya moto kinatoa mafuta kwenye vigae na feni ya jikoni. Usikitumie kwenye alumini, rangi ya mafuta ya ukutani, hariri wala sufi.

Magadi ya sokoni ni ndugu wa hiyo soda. Yanatoka kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kama Ziwa Magadi kule Kenya na Natron huku kwetu, na kwa asili ni mchanganyiko wa soda ya kufulia na bekingi soda. Tatizo lake ni mchanga na udongo, vitakwaruza. Yeyusha gramu 100 kwenye lita 1 ya maji ya moto, acha yatulie usiku mzima, asubuhi mimina taratibu maji ya juu na kuacha tope chini. Hayo maji masafi ndiyo ya kufanyia usafi, kwa masharti yale yale: glovu, na mbali na alumini.

Kwa ukoko wa birika, nenda dukani kaulize ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki. Ni nafuu kuliko siki kwa nguvu ile ile, na haina harufu, jambo la maana kwa mtu wa pumu. Jaza maji hadi yafunike ukoko, pasha yawe moto lakini yasichemke, zima umeme kabisa, kisha tia vijiko 2 vya chakula kwa kila lita. Acha nusu saa, mwaga, suuza mara tatu. Usichemshe maji yenye ndimu ya unga ndani, kwa sababu kwenye joto kali asidi hiyo inaungana na chokaa kutengeneza ukoko mwingine mgumu kuliko wa kwanza. Watu wengi hukosea hapo, halafu wanasema dawa haifai. Juisi ya ndimu yenyewe itafanya kazi, ila ina sukari na nyuzi, inaoza haraka na kuita sisimizi, kwa hiyo ikamue siku ya kuitumia.

Sasa terazo, na hili ulizingatie sana. Terazo ni vipande vya mawe, mara nyingi ya chokaa au marumaru, vilivyoshikwa na saruji, na vyote viwili vinaliwa na asidi. Siki, ndimu, ukwaju, dawa ya choo, hakuna hata kimoja kinachopaswa kugusa sakafu hiyo. Mng'ao ukishaondoka hakuna dawa ya kuurudisha isipokuwa fundi wa kusaga na kupiga polishi. Terazo ifute kwa maji na sabuni kidogo sana, halafu maji matupu. Vigae vya kauri havina shida na siki, ila saruji ya katikati yake inalika taratibu, basi lowesha kwa maji kwanza ili isinywe asidi, na suuza baada ya dakika 10.

Na kwa ajili ya mtoto, usipulize. Chochote utakachotengeneza, kimimine kwenye kitambaa. Matone ya chupa ya kupuliza yanaelea hewani na kuingia kifuani, hata kama ni siki tu.

mkaanyumba_wete

Assalaam alaykum. Bwana kemia kaeleza vizuri. Mie naongezea la sufuria na vyombo vya shaba, maana huko ndiko watu wanakoharibu zaidi.

Alumini inalindwa na utando mwembamba sana juu yake. Magadi, soda na maji ya jivu yanautafuna ule utando, halafu yanaila alumini yenyewe. Utaona mapovu madogo yanapanda, sufuria inageuka kijivu au nyeusi, na ukiipangusa mkono unachafuka. Ndiyo maana ukipika maharage kwa magadi kwenye alumini, sufuria inatoka imesawijika ndani. Ya kuirudisha ni asidi: jaza maji, tia maji ya ndimu 2 au kijiko kimoja cha ukwaju, chemsha kwa dakika 10, mwaga na usugue kwa dodoki. Itang'ara. Vichwa vya jiko la gesi navyo vingi ni alumini, kwa hivyo usivilaze kwenye soda.

Masizi ya nje ni bora kuyazuia kuliko kuyasugua. Kabla ya kuinjika sufuria kwenye kuni, chovya kipande cha sabuni ya mche kwenye maji, paka tako na ubavu wa sufuria utando mwembamba, acha ukauke. Masizi yatashika juu ya sabuni, na sabuni itatoka na maji. Wengine wanapaka udongo wa mfinyanzi, nao unafanya kazi hiyo hiyo. Ukiwa umeshasahau, chukua jivu la kuni lililochekechwa kwa kitambaa, kijiko kimoja na sabuni kidogo, na makumbi ya nazi yaliyopondwa yakawa nyuzi. Sugua upesi na usuuze hapo hapo, usiliache jivu likalala juu ya alumini. Jivu lisilochekechwa lina chembe za mchanga, linachora mistari. Na liwe jivu la kuni tupu. La takataka, plastiki au mbao zilizopakwa rangi lina mambo mengine ndani yake.

Kwa sufuria za stili na vyungu jivu halina neno.

Shaba, yaani sinia, mabuli na njumu za milango: chumvi kijiko 1 na maji ya ndimu kiasi cha kupata uji, au ukwaju uliolowekwa. Paka, hesabu dakika 2 au 3, sugua kwa kitambaa, suuza kwa maji mengi na kausha papo hapo. Ukiiacha na asidi au chumvi juu yake itaota kijani usiku huo huo, na hapa pwani hewa yenyewe ina chumvi. Kwa njumu za mlango usimimine, ubao utachukua doa. Tumia kitambaa kilichokamuliwa.

Jengine ni shombo. Harufu ya samaki inatokana na vitu vyenye tabia ya alkali, ndiyo maana sabuni, ambayo nayo ni alkali, haiiondoi mikononi wala kwenye kibao. Paka ndimu au siki kwanza, ngoja dakika, kisha sabuni. Ukianza na sabuni utaosha mara tatu na harufu ipo pale pale.

mama_kigamboni

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Nimebaki na maswali matatu. La kwanza, kibao cha kukatia kuku na choo: siki na ndimu zinaua vijidudu kweli? Maana huku msimu wa mvua kipindupindu si cha kutania. La pili, hizi sabuni za maji za kupima zinazotengenezwa mtaani, je, ni za asili? Na la tatu, nifanyeje sabuni itoe povu kwenye haya maji?

afisa_afya_mtaa

Mama, nianze na la kwanza.

Siki na ndimu zinapunguza baadhi ya bakteria lakini si dawa ya kutegemea kuua vijidudu vya kuku mbichi au vya choo. Usizipe kazi hiyo. Ila pia si kila sehemu ya nyumba inataka kuuliwa vijidudu. Meza, sakafu na sinki za siku za kawaida zinatoshwa na sabuni, kusugua na kukausha. Sabuni inavibandua vijidudu na maji yanavichukua.

Kibao cha kuku: kwaruza mabaki, osha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, suuza, kisha mimina maji yanayochemka pande zote mbili, nacho kiwe kimesimama kwenye sinki ili maji yatiririke. Kikaushe juani kikiwa wima. Usianze na maji yanayochemka kabla ya sabuni, kwani damu na utomvu wa nyama vinaiva na kushikilia kwenye mikwaruzo. Kikiwa na mifereji mirefu ya kisu, kipelekwe kwa seremala kikarandwe au ununue kingine. Na kibao cha nyama mbichi kiwe tofauti na cha kachumbari.

Penye haja ya dawa, na jiki ndiyo inayomsumbua mtoto, nenda duka la dawa ukanunue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Inavunjika kuwa maji na oksijeni, haiachi harufu. Safisha sehemu kwanza, mimina iloweshe, acha dakika 10 ikiwa mbichi, kisha futa. Wakikuuzia ya asilimia 6, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochemshwa yakapoa. Ihifadhi kwenye chupa yake nyeusi, mwanga unaiharibu. Usiichanganye na siki kwenye chombo kimoja, zinatengeneza asidi nyingine inayounguza macho na koo. Kwenye kitambaa cha rangi itachujua.

Kipindupindu ni habari nyingine. Kukiwa na mgonjwa wa kuhara na kutapika nyumbani, usitumie siki, usitumie mwarobaini, usitumie peroksaidi kwenye choo. Hapo ni klorini. Jiki ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, unapata asilimia 0.5 ya kusafishia choo, ndoo na sakafu iliyochafuliwa. Toa uchafu kwanza, mimina, acha dakika 10, suuza. Tengeneza mpya kila siku, kwa sababu joto na jua vinaimaliza nguvu. Jiki iliyokaa dukani juani miezi mingi nayo inakuwa imepungua, angalia tarehe. Mtoto mwenye pumu akae kwa jirani au nje hadi sehemu ikauke na harufu iishe. Mgonjwa mwenyewe asisubiri usafi uishe: apewe ORS na apelekwe kituo cha afya.

Doa la njano chooni ni ukoko wa mkojo na chokaa, dawa yake ni asidi. Usiku sukuma maji ya bakuli yashuke kwa kutumia brashi, nyunyiza gramu 100 za ndimu ya unga, ongeza maji ya uvuguvugu yafunike doa, asubuhi sugua. Kama siku hiyo ulishamwaga jiki chooni, vuta maji mara kadhaa na usubiri hadi kesho yake. Choo chenu kama kinaingia kwenye karo, kupunguza jiki kutasaidia pia bakteria wanaokula uchafu mle ndani.

sabuni_za_kisauni

Dadangu, mimi nitajibu la pili na la tatu, maana ya sabuni ndiyo ninayoyajua.

Sabuni za maji za kupima haziitwi za asili hata zikinukia limau. Nyingi hutengenezwa kwa asidi ya salfoniki na slesi (kemikali za kusafisha na kutoa povu), soda, chumvi ya kukolezea uzito, rangi na manukato, na baadhi ya watengenezaji hutia fomalini isioze. Zinasafisha, tena hazigandi kwenye maji magumu. Lakini manukato na fomalini ni adui wa pumu, na asidi ya salfoniki isipopimwa sawasawa na soda inabaki ikichubua mikono. Muuzaji akishindwa kukuambia alichotia, usinunue.

Kuhusu povu, kwanza ujue maji yako yana nini, kwa sababu kuna maji magumu na kuna maji ya chumvi, na yako yaelekea ni yote mawili. Ukoko mweupe kwenye birika ni dalili ya ugumu, chokaa. Ladha ya chumvi ulimini ni chumvi ile ile ya bahari. Chokaa inaweza kuondolewa, ile chumvi huwezi kuiondoa kwa soda yoyote.

Chokaa: kwa ndoo ya lita 20, tia kijiko 1 cha chakula cha soda ya kufulia, au kikombe kasoro robo cha yale maji ya magadi aliyoyaeleza kemia. Koroga, acha dakika 10, maji yatakuwa na wingu jeupe linalotua chini. Ndipo utie sabuni. Ukitia sabuni kwanza, chokaa inaikamata sabuni na kutengeneza ule utando wa kijivu unaoshika kwenye nguo na kuta za bafu, na soda ukiitia baadaye haiurudishi. Mpangilio ndio wenye kazi hapa. Nguo nyeupe zinazogeuka kijivu mara nyingi hazina uchafu, zina utando huo tu. Ziloweke saa moja kwenye siki kikombe 1 na maji lita 10, bila sabuni, kisha zioshe upya kwa maji yaliyotiwa soda.

Maji ya chumvi: sabuni za kawaida za mawese na mafuta ya wanyama zinakataa kuyeyuka kwenye chumvi. Sabuni ya mafuta ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya bahari, na mabaharia wameitumia kwa kazi hiyo. Pwani nazi tunazo. Ukiipata ya kununua, nunua. Ukitaka kuitengeneza, vipimo ni hivi: mafuta ya nazi gramu 1000, kostiki soda (alkali kali sana, si ile soda ya kufulia) gramu 178, maji ya mvua au yaliyosafishwa gramu 350. Pima yote kwa mizani ya kidijitali, hata maji. Lita moja ya mafuta si kilo moja, ni kama gramu 920, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanapima lita, kostiki inabaki bila mafuta ya kuila, na sabuni inachoma ngozi.

Vaa miwani ya kukinga macho, glovu ndefu na viatu vilivyofunika. Fanyia nje, watoto wasiwepo. Tumia stili au plastiki nene, kamwe si alumini, maana kostiki itaitoboa huku ikitoa gesi inayowaka. Tia kostiki kwenye maji kidogo kidogo ukikoroga. Usimwage maji juu ya kostiki, inachemka ghafla na kukurukia usoni. Acha ipoe hadi nyuzi 40 hivi, na mafuta yawe joto hilo hilo, kisha mimina kwenye mafuta na ukoroge hadi uzito uwe kama uji, ukiinua mwiko matone yabaki yakionekana juu. Mimina kwenye kasha la mbao lililotandikwa karatasi ya nailoni. Sabuni ya nazi inakuwa ngumu upesi, ikate ndani ya saa 6 hadi 12. Ukisubiri siku mbili itapasuka vipande kama jiwe. Ianike kivulini penye hewa wiki 4. Ikionekana mifuko ya maji ndani au unga mweupe unaowasha ulimi, kostiki haijaungana yote, usiitumie.

Sabuni ya maji ya sakafu na vyombo kutoka kwenye hiyo: paruza gramu 30, yeyusha kwenye lita 1 ya maji ya mvua ya moto. Ukitumia mche wa kawaida itaganda rojorojo ikipoa. Haijaharibika, ongeza maji ya moto na utikise. Kwa terazo, nusu kikombe cha hiyo kwenye ndoo ya lita 10 kinatosha. Ukizidisha, sakafu inakuwa na ukungu na nyayo zinaonekana, na watu wanaongeza sabuni badala ya kupunguza. Vioo vya dirisha navyo vifute kwa maji ya mvua, siki sehemu 1 kwa maji 4, bila sabuni, ukaushe kwa gazeti. Maji ya kisima chako yataacha vitone vyeupe hata ukisugua mchana kutwa.

kemia_ya_jikoni

Niongeze mambo ya kuhifadhi, hayajasemwa.

Chupa za soda na maji ya kunywa zisitumike kabisa. Mtoto haulizi, anafungua na kunywa. Chukua chupa zenye umbo na rangi tofauti, andika kwa kalamu isiyofutika jina, kiasi na tarehe, na uziweke juu. Siki iliyochanganywa na maji inakaa miezi. Ndimu ya unga iweke kavu, ukishaiyeyusha imalize ndani ya wiki moja, huota utando wa ukungu. Chochote chenye majani au maganda kwenye maji, kama mwarobaini au mchaichai uliochemshwa, ni cha siku 2 au 3, na ukikisikia kimechacha mwaga. Hakina kihifadhi, kinazalisha vijidudu unavyotaka kuviondoa.

Maganda ya machungwa kwenye siki ni mazuri: jaza chupa ya kioo kwa maganda, mimina siki ifunike yote, wiki 2, chuja. Mafuta ya maganda yanalainisha gundi ya stika na mafuta mepesi. Maganda yanayochungulia juu ya siki ndiyo yanayoota ukungu. Usiipeleke sebuleni kwenye terazo.

Mafuta ya karafuu, mchaichai na mti wa chai yanatajwa kwenye kila fomula ya mtandaoni. Kwenu yaache. Harufu kali ya asili inaamsha pumu sawa na ya dukani, na mkiwa na paka ni sumu kwake. Boraksi nayo inasifiwa kuwa ni madini ya asili, ila Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye kundi la kemikali zinazodhuru uzazi, na kazi yake yote soda ya kufulia inaifanya.

mama_kigamboni

Nimeelewa, Mungu awabariki. La mwisho: sinki la jikoni linapitisha maji taratibu. Siki na soda zinazibua?

kemia_ya_jikoni

Povu litasogeza uchafu mwepesi wa juu tu, halitayeyusha mafuta yaliyoganda ndani. Tia vijiko 4 vya soda ya kufulia kwenye tundu, mimina lita 2 za maji ya moto unayoweza kuvumilia kuchovya kidole kwa sekunde moja, acha nusu saa, rudia. Usimimine yanayochemka kama bomba ni la plastiki, linalainika na maungio yanavuja. Ikishindikana, funga tundu la kufurikia kwa kitambaa kibichi na utumie ule mpira wa kuzibulia, mara 15 hivi mfululizo. Bado ikigoma, weka ndoo chini, fungua ile kona ya bomba iliyopinda chini ya sinki na uisafishe kwa mkono. Mara nyingi mabaki ya wali na mafuta yanakuwa yamejikusanya hapo hapo.